Shajara ya Mradi: Mzee Abaki Salama Nyumbani Kwake

Machi

Mradi umeanza katika vijiji vya kata yetu, Usukumani, mkoani Mwanza, ukiwa na lengo moja ambalo tumeliandika mwanzoni mwa daftari la kazi: mzee, hasa mjane anayeishi peke yake au na wajukuu, alale bila hofu nyumbani kwake, na aendelee kuwa mwanakijiji mwenye haki zote kama wengine. Maneno "nyumbani kwake" tumeyaweka kwa makusudi. Kwa miaka mingi, mzee akinong'onwa kuwa ni mchawi, dawa ya haraka imekuwa kumwondoa: apelekwe kwa binti yake mjini, au ahamie kijiji ambako hajulikani. Hata Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 wakati wa utawala wa Waingereza na ambayo leo ni Sura ya 18, inampa Mkuu wa Wilaya mamlaka ya kumwamuru anayetuhumiwa akaishi mahali atakapopangiwa. Hatua hiyo huweza kuokoa uhai usiku mmoja, lakini inawaachia waliomtuhumu kile hasa walichokuwa wakikitafuta, yaani shamba, boma na mifugo, na kuwafundisha wengine kwamba tuhuma inalipa.

Hatudharau maficho. Huko Ganze, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ambako wazee nao huuawa kwa tuhuma hizi hizi na mara nyingi ardhi ikiwa nyuma yake, kituo cha Kaya Godoma kimewapokea wazee waliofukuzwa na damu yao wenyewe, na bila kituo hicho baadhi yao wasingekuwa hai. Tunachosema ni kwamba maficho yawe hatua ya mwisho kabisa, baada ya njia nyingine zote kushindikana.

Ukubwa wa jambo lenyewe unajulikana. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti kwamba mwaka 2013 peke yake watu 765 waliuawa nchini Tanzania kutokana na imani za kishirikina, wengi wao wakiwa wanawake. Mikoa ya Kanda ya Ziwa imekuwa ikitajwa mara kwa mara katika taarifa za aina hiyo, na hapa kwetu karibu kila ukoo una jina la mtu ambalo halitajwi mbele ya watoto.

Kazi ya kwanza imekuwa kuwatembelea wazee nyumba kwa nyumba pamoja na afisa ustawi wa jamii na mwenyekiti wa baraza la wazee. Tumekubaliana tangu mwanzo kwamba orodha ya wazee wenye hofu haitasomwa mkutanoni wala kubandikwa ofisini, bali itabaki kwa watu hao wawili. Orodha ya namna hiyo ikitangazwa, hata kwa nia njema, asubuhi yake inageuka kuwa orodha ya watuhumiwa. Kwa sababu hiyo hiyo tunaingia katika kila nyumba yenye mtu aliyetimiza miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inautumia kumtambua mzee, ili asitokee mtu wa kuuliza kwa nini tumeingia kwa bibi fulani tukampita jirani yake.

Aprili

Tumeanza na milango, kwa kuwa ndiyo wazee wengi walioitaja kabla ya jambo lingine lolote. Nyumba nyingi za wajane tulizozipitia zina mlango wa vipande vya bati vilivyopigiliwa kwenye fito, umefungwa kwenye mhimili kwa kamba ya katani badala ya bawaba, na usiku huegemezwa kinu au gogo kwa ndani. Mtu mwenye panga hahitaji kuuvunja mlango huo. Anaikata kamba tu.

Tulikwenda na fundi seremala kwa bibi mmoja anayeishi na wajukuu wawili nyuma ya ua wa minyaa, tukiwa na mchoro wa mlango wa mbao nzito, bawaba tatu na pete ya kufuli kwa nje. Baada ya kumwamkia na kukaa, fundi alimweleza jinsi mlango utakavyokuwa. Bibi aliusikiliza mpango wote, akautazama mchoro kwa muda, kisha akauliza: "Mwanangu, na siku wakiiwasha nyasi za paa, mimi nitapitia wapi?" Akaendelea kueleza kwamba pete ya kufuli iliyo nje anaweza kuitumia mtu yeyote kumfungia ndani, na kwamba mlango mzito ulio mmoja ni kinga dhidi ya panga na ni mtego mbele ya moto. Nyumba yake ina chumba kimoja na dirisha dogo ambalo hata mtoto hapiti.

Kuanzia hapo kipimo cha milango yote kimefuata maneno yake. Mlango unafungwa kwa komeo mbili za ndani, moja juu na nyingine chini, ambazo mkono wenye baridi yabisi unaweza kuzisukuma gizani. Pete ya nje haiwekwi mpaka mwenye nyumba aiombe. Katika ukuta wa pili linatobolewa dirisha la kutosha mtu mzima kutoka, lenye ubao unaofunguka kwa ndani peke yake, na nyumba ya nyasi inapewa kipaumbele cha kuezekwa kwa bati pale ambapo familia au kanisa linaweza kuchangia. Fundi amekubali kuwafundisha kazi hii vijana wa kitongoji hicho hicho, na jambo hili tunalithamini kuliko linavyoonekana, kwa sababu kijana aliyepiga randa mlango wa bibi huyo hawezi kuwa mgeni kwake tena.

Mei

Msimu wa pamba umeanza na watu wanashinda mashambani, kwa hiyo ziara zetu ni za jioni, wakati wa kupika. Katika jiko la mzee mmoja, chumba cha udongo kisicho na dirisha, nilikaa muda mfupi tu macho yakaanza kuniwasha na machozi kunitoka. Alikuwa anapikia mabua ya pamba na samadi kavu, kwa kuwa miti ya kuni imekwisha katika mbuga zetu na yeye hana nguvu ya kwenda mbali. Amepika hivyo tangu alipoolewa. Macho yake ni mekundu, kope zimevimba, na ni kwa macho hayo watoto wa jirani wamefundishwa kumkimbia.

Kila anayefanya kazi hii Usukumani anajua kwamba macho mekundu ya ajuza yamehesabiwa kuwa ushahidi, na kila muuguzi wa zahanati anajua yanakotoka: moshi wa miaka mingi, vikope, na vumbi. Tumeamua kwamba maelezo haya yasitolewe kwa hotuba. Muuguzi amekwenda na wanawake vijana wa kitongoji hadi ndani ya jiko lile, wakakaa naye moto ukiwaka, kisha wakatoka nje wakatazamana macho. Hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi.

Baada ya hapo wanawake hao wenyewe walijenga jiko banifu la udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, lenye bomba la kutolea moshi juu ya paa, na dirisha likatobolewa ukutani. Wazee wenye vikope au mtoto wa jicho wameandikiwa kwenda kupimwa hospitalini. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji mfupi, na mzee anayeona vizuri hukwepa shimo njiani, humtambua anayebisha hodi kwake, na huhesabu fedha zake mwenyewe.

Juni

Tarehe 15 Juni dunia huadhimisha Siku ya Kupinga Ukatili dhidi ya Wazee. Hapa kwetu siku hiyo ilitumika kwa kikao na waganga wa kienyeji wa kata, kikao ambacho baadhi ya wenzetu walikuwa na mashaka nacho. Mimi naamini kisingeweza kukwepwa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua waganga wanaosajiliwa, na mwezi Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Lakini tangazo halifiki usiku wa manane katika nyumba yenye maiti ya mtoto, ambako baba anatafuta jibu. Mganga anafika.

Waganga waliohudhuria walizungumza kwa uwazi kuliko tulivyotarajia. Mmoja wao, mtu mzima anayeheshimika kwa dawa za tumbo, alieleza kwamba mteja wa ramli haji kuuliza jina. Jina analo moyoni tangu kwake, na ramli anaitaka iwe muhuri tu. Mganga akikataa kuligonga muhuri, mteja huenda kwa mwingine mpaka ampate wa kukubali. Maelezo hayo yalibadilisha mpangilio wa kazi yetu ya miezi iliyofuata, kwa kuwa yalituonyesha kwamba hatari huzaliwa siku za mwanzo za msiba, ndani ya familia, kabla ya mganga yeyote kufuatwa. Ramli chonganishi ni kosa na inapaswa kushtakiwa, lakini anayesubiri ramli ipigwe ndipo achukue hatua amekwisha kuchelewa.

Kwa hiyo tumeweka utaratibu unaoitwa ziara ya msiba. Akifariki mtoto au kijana katika kitongoji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anakwenda kuwapa pole wafiwa pamoja na mzee wa baraza na kiongozi wa dini yao, na wanarudi tena baada ya matanga. Mhudumu anaeleza kilichomuua marehemu kadiri kinavyofahamika, kwa maneno ambayo mama wa mtoto anaweza kuyakumbuka: malaria iliyopanda kichwani, upungufu wa damu, kichomi, kuharisha kulikokausha maji mwilini. Kiongozi wa dini anakaa na huzuni yao. Mzee wa baraza anasikiliza kama kuna jina linalotajwatajwa, na likitajwa, nyumba ya mwenye jina inapata mtu wa kulala naye usiku huo huo.

Wafiwa wanahitaji sababu, na ni haki yao kuipata. Mtu aliyezika mtoto akaachwa bila maelezo yoyote hawezi kulaumiwa kwa kuyatafuta, ila anaweza kulaumiwa kwa anakoyapeleka. Katika misiba ambayo ziara hii imefanyika mapema tumeona mazungumzo yakihama kutoka "nani" kwenda "nini", na hilo ndilo jambo ambalo lina thamani kubwa kuliko yote tuliyoyafanya tangu Machi.

Julai

Wazee walio katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, walitueleza hofu ya aina nyingine, hofu ya siku ya fedha. Kijiji chote hujua siku hiyo. Wengine hupokea kwa simu, na simu yenyewe iko mikononi mwa mjukuu au jirani, pamoja na namba ya siri. Mzee mmoja hakuwa na habari kwamba fedha zake zilikuwa zimetolewa kwa wakala wiki kadhaa zilizopita, mpaka tulipomsomea ujumbe katika simu yake mwenyewe.

Tumefanya mambo machache ya kawaida. Wazee wanafundishwa kuibofya namba ya siri kwa kuhesabu vitufe kwa kidole, kwa sababu wasiojua kusoma tarakimu wanaweza kukumbuka njia ya kidole, na kila simu ya kitufe ina kinundu kidogo kwenye namba tano ambacho kidole hukipapasa. Kwa wakala wanakwenda wawili wawili, mchana, na yule wanayemwamini. Mjukuu aliyetoa fedha zile aliitwa na ukoo, si na polisi, kwa ombi la bibi yake, na amekuwa akizirudisha kidogo kidogo kwa vibarua vya kuchuma pamba. Tumeheshimu uamuzi wa bibi. Usalama wake hauwezi kujengwa kwa kumnyang'anya sauti katika jambo la nyumba yake.

Zanzibar wametangulia katika hili la kipato. Tangu Aprili 2016 kila mkaazi aliyefikisha miaka 70 hupata Pensheni Jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kujali kama aliwahi kuajiriwa. Fedha hiyo haikuwa nyingi, lakini kipato cha uhakika hubadilisha nafasi ya mzee katika nyumba, kwani anayenunua chumvi na sabuni ya watu wote haonekani kuwa mzigo. Ningependa kuona utaratibu kama huo Bara, na nitaendelea kulisema hili katika kila kikao ninachopewa nafasi.

Agosti

Kazi ya milango imeendelea. Watoto wa shule wamejipangia zamu za kuwatekea wazee maji na kuwapitia asubuhi kabla ya kengele, wakiamkia "Mwangaluka mayu", salamu ya Kisukuma ya asubuhi kwa mama, kutoka uani na kusubiri kuitikiwa. Mwalimu anaandika katika daftari nani hakuitikia, na mwenyekiti wa kitongoji anafuatilia siku hiyo hiyo.

Septemba

Mwezi huu wote umekuwa wa ardhi, na tungeweza kuutumia mwaka mzima. Tulipokaa na wazee mmoja mmoja kuuliza tuhuma ilianza lini, walikumbuka mpaka wa shamba kabla ya kukumbuka ugonjwa wa mtu. Mume alifariki, shemeji akaja kulima kipande cha pembeni "kwa msimu mmoja", jiwe la mpaka likasogea, mjane akalalamika, na baada ya muda mbuzi wa shemeji akafa na maneno yakaanza. Hadithi hii tumeisikia kwa sura mbalimbali katika kila kijiji, na kwa wanaume wazee wasio na watoto pia.

Sheria iko upande wa wazee hawa kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kushughulika na ardhi ni sawa na ya mwanamume, na inabatilisha mila inayomnyima mwanamke umiliki halali. Katika mkutano wa kijiji mwanasheria aliyetusaidia alisimulia kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, ambayo Mahakama Kuu hapa Mwanza iliiamua mwaka 1990. Holaria Pastory, mwanamke Mhaya, alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, akaiuza, na mpwa wake akadai kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo ya kibaguzi haipatani na Katiba. Wanawake waliokuwa wamekaa chini ya mwembe waliomba kisa hicho kirudiwe, na kikarudiwa.

Tangu hapo tumewasaidia wazee kuomba hati za hakimiliki ya kimila katika vijiji ambavyo tayari vina cheti cha ardhi ya kijiji. Uhakiki wa mipaka unafanywa hadharani, majirani wote wa pande zote wakiwepo, na wajumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji wakishuhudia. Baraza hilo kisheria lina wajumbe 7, na angalau 3 kati yao ni wanawake. Katika mpaka mmoja jiwe lilikuwa limesogezwa hatua kadhaa ndani ya shamba la mjane. Mzee jirani, mwenye umri mkubwa kuliko wote waliokuwepo, aliinama akaparura udongo mweusi kwa jembe na kuonyesha mizizi ya mnyaa uliopandwa na marehemu kuwa alama. Mwenye kulisogeza jiwe alikuwepo, akanyamaza, na jiwe likarudishwa bila ugomvi.

Tunasisitiza hati iandikwe pia nani atarithi. Mzee akitamka mbele ya mashahidi kwamba shamba litakuwa la mjukuu fulani baada yake, wanaolitamani hawapati faida yoyote kwa kifo chake, na kwa maoni yangu kinga hiyo ina nguvu kuliko komeo lolote. Upo ugumu wa kweli, kwa sababu mzee aliyekwisha kugawa anaweza kupuuzwa na wale ambao hawakupata kitu, na wapo wazee wanaokataa kusema mapema kwa kuogopa jambo hilo. Hatuwalazimishi. Tunarudi, tunazungumza tena, na mara nyingine binti aliye mbali ndiye anayefungua mazungumzo.

Oktoba

Siku ya Wazee Duniani, 1 Oktoba, ilifanyika uwanja wa shule. Jambo lililotushughulisha zaidi mwezi huu ni sungusungu. Walinzi hawa walianza Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wizi wa ng'ombe, na hadi leo yowe likipigwa ndio wa kwanza kufika, muda mrefu kabla ya gari la polisi katika barabara zisizopitika wakati wa mvua. Wazee wanawahitaji, na baadhi ya wazee wanawaogopa, kwa sababu katika kikundi kimoja yumo kijana wa familia ile ile inayomtuhumu bibi.

Makubaliano yaliyofikiwa na viongozi wa sungusungu na polisi kata yameandikwa na kutiwa saini. Doria inapita kwa wazee wote wa kitongoji, usiku, kwa zamu zilizochanganya koo, na hakuna mlinzi anayepangwa peke yake upande wa nyumba ambayo ukoo wake una mgogoro nayo. Kila mzee amepewa filimbi na kuchagua majirani wawili wa kuitikia, na walioitikia wanapaswa kupiga yowe kwanza kabla ya kutoka, ili kitongoji chote kijue. Tuhuma yoyote ya uchawi inayoletwa kwa sungusungu inapelekwa kwa mtendaji wa kijiji na polisi bila kusikilizwa na kikundi. Kipengele hiki kilibishaniwa kwa saa nyingi kuliko vingine vyote, na kimepita kwa sababu viongozi wakongwe wa sungusungu wenyewe walikisimamia.

Tumewaambia pia kuhusu Protokali ya Umoja wa Afrika ya Haki za Wazee, iliyopitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika mwaka 2024, ambayo inazitaka nchi wanachama wake kuwalinda wazee dhidi ya mila zenye madhara, zikiwemo tuhuma za uchawi.

Novemba

Bibi aliyehamia mjini kwa binti yake kabla ya mradi kuanza ameomba kurudi. Binti anahofia na ana haki ya kuhofia. Tumekaa nao wote wawili, na bibi ametaja masharti yake kwa mpangilio ulionyooka: mpaka wa shamba upimwe akiwepo, shemeji yake aseme mbele ya baraza kwamba hana deni naye la maneno, dirisha la nyuma litobolewe, na mjukuu wake wa kike ahamishiwe shule ya kijiji ili wasiishi mbalimbali. Kwa upande wetu tumeongeza sharti la binti, kwamba miezi ya kwanza awepo ndugu wa kiume wa kulala katika nyumba ya pili ya boma hilo.

Shemeji amekuja barazani na ametamka. Kutamka hakutoshi, na baraza limempangia mzee mmoja wa kupita pale kila juma, akiripoti kwa afisa ustawi wa jamii. Upimaji wa mpaka umecheleweshwa na mvua zilizojaza maji mbugani, na bibi amekataa katakata kurudi kabla haujafanyika. Tunamuunga mkono. Kazi ya Desemba ni dirisha, uhamisho wa shule, na kupanga tarehe ya upimaji pamoja na Baraza la Ardhi mara udongo utakaposhika.